Samaki wa Chini Hachagui Kitanda, Unamchagulia Wewe

Siku hizi ukiingia sebuleni kwa kijana wa mjini, iwe Sinza au Mbagala, utakuta televisheni imebandikwa ukutani kama kalenda, sofa ambalo deni lake bado halijaisha, na pembeni tangi la samaki linatoa mapovu. Mwenye nyumba atakutajia bei ya tangi. Atakutajia bei ya pampu ya hewa, ya taa ya buluu, na ya samaki mmoja mmoja. Sasa hebu muulize: "Na huu mchanga wa chini umetoka wapi?" Atakuangalia kama umemuuliza kabila la kinyozi wake. Mchanga? Si mchanga tu, bwana!

Hapo ndipo penye kasheshe, msomaji wangu. Samaki anayeogelea katikati ya maji, mchanga kwake ni mapambo ya chini, kama zulia kwa mtu ambaye hashuki kitandani. Lakini wapo samaki wa chini. Hao mchanga ndiyo godoro, ndiyo sahani ya ugali, ndiyo uwanja wa kuchezea. Ukikosea hapo umewakosea kila mahali, na wao hawana mdomo wa kukulalamikia.

Mimi ninao sita wa namna hiyo. Wanaitwa koridorasi, asili yao Amerika ya Kusini. Ni wafupi kama kidole, mwili umefunikwa na vigamba vigumu kama askari wa zamani, na mdomoni wana vindevu. Baba yangu mdogo aliyeko Nyansurura alipowaona kwenye picha ya simu alicheka mpaka akakohoa. "Hawa si gogogo wa Kizungu hawa?" Hakukosea sana. Gogogo wa Ziwa Victoria naye ni jamaa wa kambare, ana ndevu, anashinda chini, na ukimtoa majini anasaga miiba ya mapezi yake mpaka unasikia anavyolalamika.

Sasa hizo ndevu si urembo. Kwa samaki wa ukoo huu ndevu ni vidole na ulimi kwa pamoja. Zina uwezo wa kuonja. Samaki anapita chini kwenye giza au kwenye maji ya tope, haoni kitu, lakini ndevu zinamwambia: hapa kuna mdudu, hapa kuna uchafu, hapa kuna jiwe. Koridorasi anakwenda mbali zaidi. Anazamisha pua mchangani, anachota mdomoni, anachambua chakula, na mchanga uliobaki anautoa kupitia kwenye matamvua ya mashavuni. Ukimwona mara ya kwanza utadhani anavuta sigara.

Fikiria basi samaki kama huyo umemtandikia kokoto za kujengea.

Rafiki yangu mmoja alifanya hivyo. Simtaji jina, mwenyewe atajijua akisoma. Alipita kwenye nyumba inayojengwa mtaani kwao, akachota kokoto ndogo ndogo za kijivu, akaziosha, akamwaga kwenye tangi. Likapendeza kweli. Baada ya wiki kadhaa akaniita nikawaone samaki wake, maana walikuwa hawali. Ndevu zilikuwa zimekatika hadi kwenye mashina, na midomo imekuwa myekundu. Kokoto ni jiwe lililopasuliwa kwa nyundo au mashine, kingo zake ni wembe. Tena chakula kinadumbukia katikati ya mawe, samaki hakifikii, kinaozea humo humo. Watu wengi hulaumu makali ya jiwe peke yake, lakini uozo nao ni mshtakiwa namba mbili: kidonda kidogo kwenye sakafu chafu hakiponi, kinaingia vijidudu.

Basi kila mtu akasikia "mchanga laini", na kwa sisi wa Dar mtu akisikia mchanga laini anawaza ufukweni. Ngoja kwanza. Mchanga wa pwani yetu una vipande vya makombe na matumbawe, na hivyo ni chokaa. Chokaa ikikaa majini inayeyuka kidogo kidogo, maji yanakuwa magumu na uchachu wake unapotea. Wapo samaki wanaoyapenda maji hayo. Wale wa mawe mawe kutoka Ziwa Tanganyika wamezoea maji magumu ya namna hiyo, wao hawana neno. Lakini samaki wa maji laini kama hawa wangu unawatesa taratibu. Ongeza na chumvi ya bahari iliyogandamana humo. Halafu fukwe zetu zimeshaliwa vya kutosha, muulize mtu wa Kunduchi.

Kuna na ile changarawe ya rangi, nyekundu, buluu, waridi, kama pipi za shuleni. Baadhi ni mawe yaliyopakwa rangi, na rangi hafifu inabanduka. Nyingine ni vioo vilivyovunjwa. Ukitaka kujua kama inafaa, ichukue kiganjani, ifumbate kwa nguvu na uizungushe. Ikikuchoma wewe mwenye ngozi ya kufulia nguo, itamfanyaje samaki mwenye mdomo laini kama wa mtoto mchanga?

Hayo yote, msomaji, ni makosa ya macho na ya vidole. Unaweza kuyaona, unaweza kuyagusa. Lililonifanya nishike kalamu leo ni lile ambalo huwezi kuliona, na nililipatia funzo lake Nyansurura.

Najua. Ukisema umetokea Nyansurura, wilaya ya Serengeti, mtu wa Dar anauliza kama simba wanapita mlangoni. Mbuga ipo, lakini na watu wapo, wanalima, wanafuga, wanapeleka watoto shule. Makao ya wilaya ni Mugumu. Ukivuka Mto Mara kwenda kaskazini unaingia Tarime, na huko Tarime ndiko Nyamongo, kwenye dhahabu. Mgodi mkubwa wa kule ulianza kazi mwaka 2002, ila wachimbaji wadogo walikuwepo kabla, na baba mdogo alikuwa mmojawao enzi za ujana wake.

Nilikwenda nyumbani kwa shughuli ya ukoo. Kama kawaida ya mtu wa mjini nilijigamba kuhusu tangi langu, nikasema nataka nirudi na ndoo ya mchanga wa kwetu, wa mto, usio na chumvi. Kesho yake asubuhi mdogo wangu, yaani mtoto wa baba mdogo, akaja na kiroba begani. Akakitua mbele yangu, akafungua.

"Dada, ona huu. Laini kama unga. Unang'aa kama lulu."

Kweli ulikuwa unang'aa. Ulikuwa wa kijivu, laini, una vimulimuli. Mtu mwingine angekwishaingiza mkono. Mimi nikauliza swali langu lile lile la kila siku: umetoka wapi?

"Ng'ambo kule, kwa jamaa zangu wanaochenjua. Ni marudio. Wameshamaliza nao, wameniachia bure."

Baba mdogo alikuwa amekaa kwenye kigoda anapiga mswaki kwa kijiti. Alikitoa mdomoni. "Funga hicho kiroba," alisema. Hakupandisha sauti, lakini kijana alifunga mara moja.

Kwa wale wasiojua, nitaeleza kama alivyonieleza yeye. Mawe yenye dhahabu yanasagwa kwenye mashine wanayoiita karasha. Unga wake unaoshwa kwa maji, halafu inatiwa zebaki, ule urojo wa rangi ya fedha unaokimbia kimbia kama uko hai. Zebaki inaikamata dhahabu, vinashikana kuwa kidonge. Kidonge kinachomwa motoni, zebaki inapaa kama mvuke, dhahabu inabaki. Ule mchanga unaobaki baada ya kuoshwa ndio marudio. Haujaisha utamu: unarundikwa, na baadaye unaweza kununuliwa na wenye mitambo ya sianidi ili waitoe dhahabu iliyosalia.

Sasa piga hesabu mwenyewe. Kwanza, marudio ni jiwe lililosagwa, si jiwe lililolainishwa na mto. Chembe zake zina kingo mpya. Pili, zebaki haikamatwi yote. Vijitone vyake vinabaki mle mchangani, vidogo kiasi kwamba macho hayavioni. Na kama rundo limeshapitia sianidi, basi hiyo ni sumu ambayo kwa samaki hata kiasi kidogo sana ni kifo.

"Nikiuosha sana je?" mdogo wangu aliuliza.

"Wao wameuosha mara ngapi?" baba mdogo alimjibu. "Zebaki ni nzito kuliko mchanga wenyewe. Maji yanapita juu, yenyewe inakaa."

Hapo niliingilia, maana nilikumbuka ushauri unaopita sana kwa wafuga samaki: chukua mchanga, uchemshe au ukaange kwenye sufuria, vijidudu vife. Ushauri huo kwa mchanga safi hauna ubaya mkubwa. Kwa mchanga wa marudio ni balaa tupu, kwa sababu utakuwa unafanya kile kile wanachofanya wachimbaji wanapochoma kidonge. Zebaki inapaa, na jiko ni lako, na pua ni zako na za mtoto aliyekaa pembeni anasubiri chai. Mvuke huo hauna harufu wala moshi wa kukuonya. Unaingia mapafuni, unakwenda kwenye ubongo na figo.

Na ndani ya tangi? Uchafu wa samaki unakaa chini, bakteria wanafanya kazi yao. Kwenye tope lisilo na hewa wapo bakteria wanaoibadilisha zebaki kuwa ya aina nyingine, inayoingia mwilini kwa urahisi zaidi na kutoka kwa shida. Wajapani waliijua hiyo kwa machozi. Katika mji wa Minamata kiwanda kilimwaga zebaki baharini kwa miaka, ikaingia kwenye samaki, paka wakaanza kucheza na kufa, halafu watu wakaanza kutetemeka na kupooza. Ugonjwa ulitambuliwa rasmi mwaka 1956. Ndiyo maana mkataba wa dunia wa kudhibiti zebaki, uliopitishwa mwaka 2013, unaitwa Mkataba wa Minamata, na Tanzania iliuridhia mwaka 2020.

Mdogo wangu alikuwa kimya. Halafu akasema kitu ambacho bado kinanikaa kichwani. "Dada, sasa mnahangaika na samaki. Mimi hiyo zebaki naikamua kwa hii mikono kila wiki."

Jamani. Mimi nilikuwa nawaza vindevu vya samaki sita.

Baba mdogo alimwangalia mwanawe kwa muda. Nadhani alikuwa hajui, au alijua akanyamaza, wazee wetu wana namna zao. Akasema kwamba enzi zao waliichoma zebaki ndani ya vibanda wanakolala, kwenye kikaango kile kile cha kukaangia mahindi. Kwamba yupo mwenzake ambaye mikono yake ilianza kutikisika akiwa bado kijana, na wao wakawa wanamtania kuwa ni mlevi. Hakusema zaidi. Kiroba kikarudishwa kulekule kilikotoka. Hakikumwagwa mtoni, hakikumwagwa bustanini, maana ukikimwaga kwako umehamisha tatizo tu, na kuku na watoto hawasomi vibao.

Jioni tukaenda wenyewe kutafuta mchanga. Hapo nikajifunza jambo la pili. Kipo kijito tulichokuwa tunachota mchanga wa kusugulia masufuria utotoni, nikaelekea huko. Baba mdogo akanivuta. "Huko ni chini ya josho. Tupande juu."

Josho, ndugu yangu mtoto wa mjini, ni pale ng'ombe wanapoogeshwa dawa ya kupe. Watu wa kwetu ni wafugaji, ng'ombe ni benki. Dawa nyingi za kupe za siku hizi hazimsumbui sana ng'ombe lakini kwa samaki na wadudu wa majini ni sumu kali mno. Maji ya josho yakimwagika yanafuata mteremko, na dawa inashikamana na tope la chini. Pale chini anapoishi nani? Huyo huyo mwenye ndevu.

Kwa hiyo tulipanda hadi juu ya josho, juu ya mashamba yanayopigwa dawa, mpaka mahali ambapo baba mdogo alijua hakuna kitu juu yake ila mawe na majani. Kwenye kona ya kijito, upande wa ndani maji yanapopunguza mwendo, kuna mchanga mzuri wa rangi ya asali, chembe za mviringo zilizosuguliwa na maji kwa miaka mingi. Una vimulimuli pia, lakini hivyo ni ulanga, mawe yetu yanao mwingi. Kumbe kung'aa hakukuambii kitu chochote. Mchanga salama unang'aa, na mchanga wa sumu unang'aa. Kinachotofautisha ni njia uliyopita.

Nilichukua ndoo moja tu. Hesabu yake ni rahisi: tangi langu lina urefu wa sentimita 60 na upana wa 30. Nikitaka mchanga wa kina cha sentimita 4, nazidisha 60 kwa 30 kwa 4, napata sentimita za ujazo 7,200, yaani lita 7 na kitu. Ndoo ya lita 10 inatosha na chenji inabaki. Uzito unafika kama kilo 11, na konda wa basi aliponyanyua ndoo alinitazama kwa heshima mpya. "Dada, hii ni dhahabu?" Nikamwambia ingekuwa dhahabu nisingepanda basi lake.

Nyumbani Sinza kazi ikaanza, na hii naomba uikate uibandike ukutani. Mchanga uchekeche kwanza kuondoa mizizi na mawe makubwa, ukiwa umelowa kidogo ili usivute vumbi lake. Pitisha sumaku. Inatoa misumari na vipande vya waya kama mchanga umepita karibu na mafundi. Usishangae sumaku ikinasa na chembe nyeusi za asili. Kausha kijiko kimoja, kidondoshee siki. Ikichemka mapovu, kuna chokaa. Wangu haukutoa povu hata moja. Halafu osha kidogo kidogo, nusu beseni kwa nusu beseni, ukikoroga kwa mkono na kumwaga maji machafu, mpaka maji yabaki meupe. Mimi nilibadilisha maji mara 14, jirani akadhani naosha mchele wa harusi. Sabuni usiiguse kabisa.

Ukishatandika, weka sahani juu ya mchanga, mimina maji juu ya sahani usije ukachimba shimo. Maji ya bomba yaache yalale kwanza kwenye ndoo wazi, klorini ipungue, au tumia dawa ya kuiondoa. Kina kisizidi sana. Mchanga mnene usiochokonolewa unakosa hewa chini, unaota madoa meusi na kutoa gesi inayonuka yai viza, na gesi hiyo inaua. Choma choma kwa kijiti mara moja kwa wiki, nyonya uchafu wa juu kwa mpira. Acha tangi liendeshwe wiki kadhaa na filta kabla hujajaza samaki.

Najua utaniambia huna kwenu penye kijito. Sawa. Nunua, lakini nunua ukiuliza. Mchanga wa kuchujia maji ya mabwawa ya kuogelea ni mzuri ukiwa chembe zake ni za mviringo. Changarawe laini ya mto ipo madukani. Hata tangi lisilo na kitu chini, tupu kabisa, ni afadhali kuliko mchanga usiojulikana. Angalia tu kwamba siki, sumaku na kiganja vina mipaka. Hakuna hata kimoja kati ya hivyo kinachoonyesha zebaki, wala sianidi, wala dawa ya kupe. Kwa hizo unacho kipimo kimoja tu cha nyumbani, nacho ni mdomo wako: umetoka wapi, nani aliutumia kabla, kuna nini juu yake? Muuzaji akijibu "mchanga ni mchanga tu", mwachie mchanga wake.

Wale sita wanaendelea vizuri. Asubuhi kabla sijawasha taa nawakuta pua zote ziko mchangani, wanachambua, vumbi linatoka mashavuni. Ndevu zote zipo, nimezihesabu.

Mdogo wangu bado anakwenda ng'ambo, sitakudanganya. Kazi ni kazi, na mimi sina ya kumpa. Ila wiki iliyopita alinipigia simu kuniambia ameacha kulala kwenye banda wanalochomea, na kikaango cha kidonge hakikanyagi tena jikoni kwa mama yake. Ameanza pia kutafuta glovu. Wenzake wanamcheka, wanamwita daktari. Nikamwambia avumilie tu, hata mimi mtaani wananiita mama kambare.